Fimbo ya Pool, Boliti ya Nane na Mjomba wa Chwaka

Ukitaka kumjua mtu anayejiona bingwa wa pool, usimtazame anavyopiga. Mtazame anavyoingia. Wengine wote wanaokota fimbo ya ukutani, ile ya kipande kimoja, ngozi ya nchani imeshaliwa nusu na fimbo yenyewe imepinda kama mkia wa taa. Yeye anakuja na kifuko cheusi begani kama mpiga fidla wa taarab. Anafungua zipu taratibu, anatoa vipande viwili, anavikutanisha na kuanza kuvisokota. Hapo hata waliokuwa wanabishana Simba na Yanga wananyamaza kidogo. Fimbo haijagusa mpira hata mmoja, lakini heshima imeshapatikana.

Sasa kuna dogo mmoja wa Mjini, miaka 24, muuza kava na chaja za simu maeneo ya Darajani. Pale pale anapopenda kuringia, kwenye kiungo cha fimbo, ndipo palipomtia hasara ya laki na ishirini. Na pesa zenyewe hazikuwa zake.

Fimbo aliletewa na kaka yake anayefanya kazi Muscat. Si ya bei mbaya, imetengenezwa China, lakini kwa meza za sarafu za Unguja, ambazo nyingi ni za futi saba, ilikuwa mali. Urefu wake inchi 58, kama sentimita 147 hivi, imegawanywa katikati: inchi 29 mbele na inchi 29 nyuma. Kipande cha nyuma, cha kushikia, kina pini ya chuma iliyochomoza kama sentimita mbili na nusu. Kipande cha mbele kina tundu, na ndani ya tundu imo bushi ya shaba iliyokatwa hesi. Hesi ni ile mizunguko ya kwenye skrubu. Mafundi bomba wanaita thredi. Pini inaingia kwenye bushi, unasokota, nyuso mbili za kiungo zinabanana, unapata fimbo moja.

Watu wengi wanadhani kazi ya pini ni kuinyoosha fimbo. Si kweli. Pini inavuta tu. Kinachoinyoosha fimbo ni zile nyuso mbili zinapokutana bapa kwa bapa, bila kuacha mwanya hata wa unywele. Lakini pini ikiwa imelegea kwenye mti wake, hakuna wa kuzivuta, na fimbo inakuwa vipande viwili vinavyopeana salamu.

Hicho ndo kilichotokea. Alhamisi usiku, mbele ya watu kama kumi na tano, mpira mweusi umekaa mdomoni mwa shimo, hata mtoto angeutia. Dogo akainama, akavuta mkono, na katikati ya pigo kukasikika "tik". Gundi ya pini ilikuwa imeshapasuka siku nyingi ndani kwa ndani, na usiku ule ikaachia kabisa. Kipande cha mbele kikacheza, ncha ikateleza pembeni ya mpira mweupe, mpira mweusi ukabaki pale pale unamcheka. Mpinzani wake, jamaa mmoja mtulivu mwenye kucheza kwa fimbo ya ukutani (ndiyo, ile iliyopinda), akautia kwa pigo moja na kukusanya pesa.

Tatizo liko kwenye hizo pesa. Mama yake dogo analima mwani Chwaka. Wiki hiyo alipokea zamu yake ya mchezo, upatu wa wanawake kumi wa pale kijijini, na akamtumia mwanawe laki na themanini amnunulie Mjini kamba na tai-tai, zile kamba nyembamba za kufungia mbegu, ili bamvua la mwezi mpevu limkute tayari. Kwenye bamvua ndipo maji yanapotoka mbali na wanawake wanapata saa za kutosha za kupigilia mambo na kufunga. Likikupita, unasubiri jingine. Pesa za mchezo zikaliwa na mchezo. Ikabaki elfu sitini.

Mtu mwenye akili zake hapo angeacha. Dogo akaomba mechi ya marudiano, Jumamosi ya wiki inayofuata, dau lile lile. Mama akaambiwa kamba zimeisha dukani, mzigo unatarajiwa Jumapili.

Ijumaa akatafuta fundi. Fundi huyo, wa hapo hapo Mjini, akaing'oa pini ya zamani, ambayo hesi zake zilikuwa zimeliwa, akaitazama, akaipima kwa jicho, akaingia kwenye kopo lake la boliti akatoka na boliti ya milimita nane. Akaikata kichwa, akalipanua tundu la kwenye mti kidogo kwa drili ya mkono, akamimina gundi, akaipigilia. Kazi ya dakika ishirini na tano, elfu tano tu. Pini ya zamani ikatupwa.

Na hapa inabidi kusimama kidogo, maana kosa hili limeua fimbo nyingi. Fimbo za pool zinafuata vipimo vya inchi kwa sababu biashara yake ilikulia Marekani. Pini zinazoonekana sana ni mbili tatu: ile ya inchi 5/16 yenye hesi 18 kwa kila inchi, ndugu yake wa 5/16 mwenye hesi 14, na ile nene ya 3/8 yenye hesi 10. Ya dogo ilikuwa 5/16 kwa 18. Ukiibadilisha kwa milimita, unene wake ni 7.94. Boliti yetu ya kawaida ya milimita nane ina unene wa nane. Tofauti ni sehemu sita za mia za milimita, jicho haliioni kamwe. Ndo maana fundi aliridhika.

Lakini unene ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni hatua, yaani kila mzunguko mmoja pini inasogea kiasi gani. Hesi 18 kwa inchi ni hatua ya milimita 1.41. Boliti ya nane ina hatua ya milimita 1.25. Mzunguko wa kwanza zinavumiliana. Wa pili zinaanza kugombana. Wa tatu tofauti imeshafika karibu nusu milimita, na chuma kinaanza kuikata shaba ya watu. Dogo aliposokota ikaingia mizunguko miwili na ushei, ikagoma. Akaongeza nguvu, kama tunavyofanya wote kitu kikigoma. Shaba ikalia. Kiungo kikabaki na mwanya wa kupitisha kidole gumba, na ile pini kumbe imekaa imeinama vilevile.

Jumatatu mshkaji wake mmoja akamwambia, "Yakhe, si una mjomba Chwaka anakereza vitanda? Mtu wa keezo huyo, atakushinda wewe?"

Mjomba yupo kweli. Ni kaka yake mama, mtu wa miaka sitini na kitu, na banda lake haliko mbali na njia ya kuteremkia mnadani kwa samaki. Keezo lake la zamani la kukanyagwa kwa mguu alishaliacha, sasa anazungushia mota aliyoifungua kwenye pampu ya maji. Anakereza miguu ya vitanda, nguzo za ngazi, mipini ya majembe, na bakora. Bakora zake zinajulikana mpaka Uroa. Ila mjomba ana kitu kimoja: kamari haitaki hata kuisikia. Michezo haimkeri, keram anacheza barazani kila jioni baada ya alasiri na akifungwa ananuna. Kinachomkera ni pesa juu ya meza. Alishawahi kumwambia mtu arudishe kitanda alichokiagizia kwa pesa za kubeti. Mtu akadhani utani, mpaka akarudishiwa arubuni yake.

Kwa hiyo Jumanne dogo amepanda daladala, Mwera, Dunga, Jendele, njia nzima anatunga uongo. Alipofika akasalimia, akakaa, akafungua kifuko.

"Hii nini hii?" mjomba akauliza.

"Bakora, mjomba. Ya kukunjua. Nataka kumpa zawadi mzee mmoja."

Mjomba akakichukua kipande cha mbele, akakizungusha mbele ya macho, akakigusa kidole pale nchani kwenye ngozi. Kidole kikatoka na rangi ya buluu ya chaki. Akakitazama kidole, akakifuta kwenye shuka yake ya kazi.

"Maashallah. Mzee wako anatembelea buluu."

Hakuongeza neno. Akaiweka fimbo mezani akaenda kuswali adhuhuri. Dogo akabaki hajui kama ameshikwa au ameachiwa. (Alikuwa ameshikwa.)

Aliporudi, mjomba akaanza na boliti. Hakuipiga nyundo. Akachomeka pasi ya kulehemu kwenye umeme, akaigusisha kwenye kichwa kilichokatwa cha boliti, akasubiri. Gundi ile ya mirija miwili ikipata moto inalegea, ndo udhaifu wake. Baada ya dakika chache boliti ikazunguka yenyewe kwa koleo, ikatoka na harufu mbaya. Tundu lililobaki lilikuwa aibu: pana juu, jembamba chini, limeinamia upande mmoja.

"Hili halitengenezeki," mjomba akasema. "Linazibwa, linatobolewa jipya."

Akaifunga fimbo kwenye keezo. Upande wa kushikia ukaingia kichwani kwa mashine, upande wa kiungo akauegemeza kwenye ubao wenye tundu la mviringo alilolipaka sabuni, ili mti uzunguke bila kuyumba wala kuungua. Hapo ndipo palipo na siri yote ya kazi hii, na fundi wa Mjini ndipo alipoiruka: unapotoboa kwa drili ya mkono, drili inazunguka na mti umetulia, kwa hiyo tundu linakwenda mkono unakotaka. Unapouzungusha mti wenyewe na drili ikatulia, drili haina pa kwenda isipokuwa katikati. Mjomba akalipanua tundu mpaka milimita 12, mpaka akakuta mti mzima usio na gundi. Kisha akakereza kizibo cha mpingo, kipande kilichobaki kwenye bakora aliyomtengenezea sheha, akakipaka gundi, akakisukuma ndani.

Mpingo kwa kazi hii ni anasa. Ni mti wa taifa letu, mgumu kiasi kwamba misumeno inaukataa, na Ulaya wanaufanyia klarineti na zumari zao kubwa. Mafundi wa fimbo za pool za bei mbaya kule Marekani wananunua kipande kidogo kwa pesa ambayo Lindi ungenunulia gogo. Mjomba anao kwenye ndoo chini ya meza, anawashia tanuri vile vilivyopasuka.

"Mpaka kesho," akasema. Na dogo, aliyedhani angerudi Mjini jioni, akalala Chwaka kwa mara ya kwanza tangu Sikukuu.

Jumatano ndo ilikuwa siku ya pini yenyewe. Swali lilikuwa moja tu: hesi 18 kwa inchi unaipata wapi Chwaka? Dukani hakuna, kila kitu siku hizi milimita. Dogo alishaanza kufikiria kuagiza mtandaoni, wiki tatu mpaka ifike. Mjomba akatoa debe la biskuti lililoshika kutu, lililokuwa la baba yake, aliyekuwa fundi wa injini za mashua. Ndani mna tepu na dai za Kiingereza, zimefungwa kwenye kitambaa chenye grisi kavu. Tepu ni ile boliti ngumu yenye meno ya kukatia hesi ndani ya tundu. Dai ni pete yenye meno ya kukatia hesi juu ya ufito. Kila moja imechongwa herufi W.

W ni Whitworth, Mwingereza aliyependekeza vipimo vya hesi mwaka 1841, akitaka boliti ya kiwanda kimoja iingie kwenye nati ya kiwanda kingine. Kabla ya hapo kila karakana ilikuwa na hesi zake, kama ndugu wasiosemeshana. Zanzibar ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza kuanzia 1890 mpaka 1963, kwa hiyo injini na pampu zilizoteremka bandarini zilikuja na vipimo hivyo. Wamarekani walikuwa na vyao. Mwaka 1948 Marekani, Uingereza na Canada wakakaa wakakubaliana kipimo kimoja. Sasa utamu wa habari: kwenye 5/16, Whitworth na Mmarekani wote wawili wana hesi 18 kwa inchi. Tofauti ni ukali wa meno tu, nyuzi 55 kwa Mwingereza na nyuzi 60 kwa Mmarekani. Ukienda kwenye 3/8 idadi ya hesi bado wanapatana, ila kwenye nusu inchi wanagombana kwa hesi moja. Lakini 5/16 wanaingiliana, kwa kubana kidogo.

Mjomba haijui hiyo 1948 na haimhusu. Anachojua ni kwamba miaka mingi amefunga boliti za debe lile kwenye mashine za Kimarekani na hazijamsaliti.

Akafunga ufito wa shaba kwenye jiriwa, uliobaki kwenye ukarabati wa mashua. Kwa nini shaba, si chuma? Kwa sababu ya hewa ya Chwaka. Chuma cha kawaida kikikaa hapo miezi miwili kinaota kutu ndani ya mti, na kutu linavimba, linapasua mti kimya kimya. Chuma kisichoshika kutu kingekuwa bora, lakini dai ya babu isingekiweza. Uzito haubadiliki wa maana, shaba inaizidi chuma kidogo tu. Akaupiga tupa mwanzo wa ufito uwe kama ncha ya penseli, akaweka dai, tone la mafuta, akamwita dogo.

"Njoo ukate weye."

"Mimi, mjomba? Nitaharibu."

"Si bakora yako?"

Nusu mzunguko mbele, robo nyuma ili chenga zikatike, nusu mbele, robo nyuma. Mikono iliyozoea kubandika vioo vya simu ikatoka malengelenge ndani ya nusu saa. Pini ya kwanza ikatoka imepinda kama tangawizi kwa sababu aliharakisha. Mjomba akaitupa kwenye ndoo bila kusema. Ya pili ikanyooka, lakini ilibana mno kwenye bushi. Hapo mjomba akaonyesha ujanja: dai ile ina ufa ubavuni na skrubu ndogo ya kuifinya. Akaifinya kidogo tu, ikapitishwa mara ya pili, pini ikakonda kiasi cha kutoonekana. Na hesi za bushi zilizoumizwa na boliti ya nane zikasafishwa kwa tepu. Bahati ni mbili za mwanzo tu ndizo zilizoharibika. Pini ikaingia kwa vidole viwili, inateleza, haichezi.

Tundu jipya likatobolewa katikati ya kizibo cha mpingo, milimita 6.5, mti unazunguka na drili imetulia. Tepu ikafuata, polepole, inatolewa kila mara kupuliza vumbi.

Kabla ya gundi kulikuwa na mambo matatu ambayo dogo angeyaona upuuzi kama asingeambiwa sababu. La kwanza, mjomba alichora mfereji mwembamba kwa tupa ubavuni mwa pini, toka mwanzo hadi mwisho wa sehemu inayozama. Pini inapoingia kwenye tundu lililojaa gundi, gundi na hewa zinanaswa chini hazina pa kutokea. Ukilazimisha, ama pini inasukumwa juu baadaye, ama mti unapasuka. Mfereji ni mlango wa nyuma. La pili, sehemu itakayobaki nje ilipakwa nta ya mshumaa ili gundi isiishike. La tatu, sehemu ya ndani ilikwaruzwa msasa na kufutwa spiriti. Gundi haishiki kwenye kitu kinachong'aa.

Wako kwenye hatua hiyo, pini imeshazama nusu, gundi inatokeza kwenye mfereji, mara mlangoni: "Hodi."

Mama.

Anatoka pwani, kanga imelowa mpaka magotini, mkononi kajifurushi cha dagaa wa kaka yake. Akamwona mwanawe. "He! Weye uko huku? Na kamba zangu?"

"Zinakuja Jumapili, mama."

"Jumapili? Bamvua linaanza Ijumaa, mwanangu. Wenzangu wote wameshafunga. Mwenye duka si umempa pesa? Mwambie akupe hata nusu."

"Nitamwambia, mama."

Mjomba alikuwa ameishika pini kwa koleo na anaizungusha nyuzi chache chache. Hakuinua uso. Akamwuliza dada yake bei ya dagaa, wakaongea hayo, akaondoka. Banda likabaki kimya, inasikika mota tu. Gundi ya namna ile inataka saa 24, hairuhusu mtu kuacha kazi akaenda kugomba. Pengine ndo kilichomwokoa dogo siku hiyo.

Kuna filamu ya mwaka 1986, The Color of Money, iliyompa Paul Newman tuzo ya Oscar. Ndani yake kijana Tom Cruise anapewa fimbo inayoitwa Balabushka, na anaizungusha hewani kama jambia. George Balabushka alikuwepo kweli, Mrusi aliyehamia Marekani mwaka 1924 akiwa mtoto, akafa 1975, na fimbo zake leo ni mali za makumbusho. Ila ile ya kwenye filamu haikuwa yake, ilitengenezwa na Joss. Watu wameikodolea macho miaka yote hiyo, na kila mtu anaongelea mapambo na jina. Hakuna anayeongelea kiungo. Dogo ameiangalia filamu ile mara nne, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu alikaa akapuliza vumbi kwenye tundu la milimita sita na nusu.

Alhamisi alasiri gundi ilikuwa jiwe. Fimbo ikarudi kwenye keezo kwa mara ya mwisho, uso wa kiungo ukasawazishwa kwa patasi iliyonolewa upya, unyoya kwa unyoya, mpaka mti, mpingo na shaba vikawa uso mmoja. Wakaifunga. Ikasokoteka mizunguko yake yote, na mwisho ikafunga kwa sauti ndogo ya "tup". Mwanya hakuna. Wakailaza juu ya kioo cha kabati la mteja, wakaizungusha: ncha haikupanda wala kushuka.

Mjomba akaifungua. Akachana kipande cha karatasi ya daftari, chembamba kama ukucha, akakiweka ukingoni mwa kiungo, upande mmoja tu, akaifunga tena. "Zungusha."

Dogo akazungusha. Ncha ikaanza kucheza ngoma, inapanda, inashuka, milimita tatu na zaidi. Hesabu yake si ngumu: karatasi ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, upana wa kiungo ni kama milimita 21, na toka hapo mpaka nchani ni milimita 737. Kidogo kile kinajizidisha mara thelathini na tano.

"Unaona?" mjomba akasema. Akaitoa karatasi. "Sasa niambie. Umechukua ngapi?"

"Kwenye nini, mjomba?"

"Kwenye kamba."

Dogo akatazama chini. "Laki na ishirini."

"Zilizobaki?"

"Sitini."

Mjomba hakupiga kelele. Akaingia ndani, akatoka na simu yake ya tochi, akauliza namba ya mwenye duka la kamba, akamtumia laki na ishirini. Dogo akaambiwa atume elfu sitini zake hapo hapo, akiangaliwa. Ijumaa alfajiri mzigo ukaja na daladala ya kwanza, mama akaingia nao kwenye maji pamoja na wenzake.

Kisha mjomba akaitenganisha fimbo. Kipande cha nyuma, chenye pini mpya ya shaba, akampa dogo. Kipande cha mbele akakitundika kwenye msumari juu ya keezo, katikati ya bakora mbili.

"Siku moja ya msasa hapa nakulipa elfu kumi na tano," akasema. "Siku nane. Ukimaliza, chukua bakora yako."

Jumamosi mpinzani alikuja, akasubiri mpaka saa nne usiku. Kwenye grupu la WhatsApp la wacheza pool, dogo akabandikwa picha ya kuku anakimbia. Hakujibu. Angejibu nini, kwamba fimbo iko nusu Mjini nusu Chwaka? Kila Jumapili, siku yake ya mapumziko, anapanda daladala asubuhi kwenda kupiga msasa miguu ya vitanda. Ameshamaliza siku sita. Kile kipande cha nyuma kiko dukani Darajani, kimesimama pembeni ya chaja, na mteja akiuliza ni kitu gani, anaambiwa bakora.

Jumapili iliyopita mama alipita bandani kuleta chai. Akasimama chini ya ule msumari, akakitazama kipande cha fimbo kwa muda, akakigusa ncha, akaangalia kidole chake.

"Nusu ya pili iko wapi?" akauliza.

Dogo akainamia mguu wa kitanda. Mjomba akawasha mota.